Bunduki Ipigayo Pande Mbili

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, vijana wa mtaani kwetu walikusanyika sebuleni mwangu kutazama filamu. Sina haja ya kuitaja jina, kwa maana filamu za aina hiyo hufanana kama punje za mtama. Jitu moja lenye kifua kipana lilisimama katikati ya barabara, likashika kwa mkono mmoja bunduki ambayo kwa kawaida huchukuliwa na watu wawili, likafyatua mfululizo mpaka magari ya adui yakateketea yote. Bega lake halikutikisika. Hata sigara iliyokuwa mdomoni mwake haikudondosha majivu.

Vijana walipiga makofi. Mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha tatu na hujiona ameshamaliza kujifunza mambo ya dunia, akatoa hukumu: "Unaona, mjomba? Mtu akiwa na nguvu kama yule, bunduki haimfanyi kitu."

Ndugu msomaji, mimi si mtaalamu wa silaha. Nilipopita katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa nilifyatua risasi chache za ile bunduki iitwayo SAR, na ingawa teke lake ni dogo, nakiri kwamba risasi ya pili na ya tatu niliziachia macho yakiwa yamefumba. Lakini nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa mzee mmoja, mzaliwa wa Rufiji, aliyestaafu kazi ya uaskari wa wanyamapori. Nikamshika mpwa wangu mkono, tukaenda.

Mzee alikuwa kibarazani, redio iko mapajani. "Shikamoo, babu," kijana akaamkia. Mzee hakuitika. Ikabidi arudie kwa sauti kubwa zaidi, ndipo akageuka na kutabasamu. "Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni, ketini."

Nilipomweleza lililotuleta, alicheka mpaka akafuta machozi. "Yule wa filamu anapiga baruti tupu," akasema. "Mbele hapatoki risasi. Na kitu kisichotoka mbele hakirudi nyuma."

Maneno hayo machache yana fizikia yote ya jambo hili. Mzee aliieleza kwa mfano wa kwao. Simama katika mtumbwi mdogo, akasema, kisha ruka kuelekea ukingoni. Wewe utakwenda mbele, na mtumbwi utakwenda nyuma. Ukiwa mtumbwi mkubwa uliojaa magunia ya mpunga, utasogea kidogo tu. Ukiwa kidau chepesi, utakuponyoka na pengine utaanguka majini. Risasi ndiyo mtu anayeruka, bunduki ndiyo mtumbwi, na bega lako ndilo gogo ambalo mtumbwi huo unakwenda kuligonga. Mwingereza Isaac Newton aliliandika jambo hilo kitabuni mwaka 1687, kwamba kila msukumo una msukumo unaoujibu, sawa kwa nguvu na kinyume kwa mwelekeo. Wavuvi wa Rufiji, nadhani, walilijua kabla yake, ila hawakulichapisha.

Tupime kidogo. Risasi ya SAR ina uzito wa gramu 8 hivi, na baruti inayoisukuma haifiki gramu 2. Bunduki yenyewe ina karibu kilo 4. Kwa hiyo mtumbwi ni mzito na mrukaji ni mwepesi, na hata msichana mwembamba wa kidato cha sita huipiga bila kuumia. Sasa chukua raifo ya .458, ambayo Wamarekani waliitoa mwaka 1956 kwa ajili ya wanyama wakubwa, na ambayo askari wengi wa wanyamapori wa Afrika Mashariki wameishika. Risasi yake ina gramu 32. Hiyo ni mara nne ya ile ya kwanza, hali bunduki yenyewe haijawa nzito mara nne, maana kuna mwanadamu anayepaswa kuibeba kutwa nzima porini. Tofauti hiyo yote inalipwa na bega.

Mzee aliilipa kwa mara ya kwanza katika uwanja wa shabaha, akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Mkufunzi alikuwa amewaonya: ikumbatieni bunduki, kitako kikae ndani ya shimo la bega, shavu lilale juu ya mti, mguu wa kushoto utangulie, mwili uinamie mbele. Msiiogope. Lakini nani asiyeogopa? Mwenzake aliyetangulia alikuwa ameyumba hatua mbili nyuma na kofia imemdondoka. Basi yeye, kwa hofu, akaishika bunduki kwa ustaarabu, kama mtu anayeshika sahani ya moto, akaacha nafasi ya upana wa kidole kati ya kitako na bega.

"Ile nafasi ndiyo iliyoniumiza," akasema. "Bunduki ikapata mahali pa kuanzia mbio."

Anasema hakusikia mlio. Aliona mtutu ukipanda mbinguni, akahisi kama nyundo imetua kwenye mtulinga, na kidole gumba chake mwenyewe kikampiga puani. Jioni ile bega lilikuwa na rangi ya zambarau. Baada ya siku tatu likawa kijani, kisha manjano. Kwa siku mbili alikunywa chai kwa mkono wa kushoto. Hata hivyo hilo, kwa maelezo yake, halikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa risasi ya pili. "Ya kwanza unaipiga kwa ujinga," akasema. "Ya pili unaipiga kwa elimu. Na elimu ile ni mbaya."

Hapo mpwa wangu akaacha kuchezea simu yake.

Mkufunzi yule alikuwa na hila moja ambayo hutumiwa na wakufunzi wa shabaha kote duniani. Aliichukua bunduki ya mwanafunzi, akajifanya anaiweka risasi, akamrudishia ikiwa tupu. Mwanafunzi akalenga, akavuta pumzi, akabana kifyatulio. Kikasikika kidoko tu: ta! Lakini kila mtu uwanjani aliona mtutu ukiinama ghafla kama kichwa cha mtu anayesinzia, bega likirukia mbele, macho yakifumba. Hakuna teke lililokuja, lakini mwili ulikuwa umeshajibu. Mwili ulikumbuka. Risasi ingekuwamo, ingechimba ardhi hatua chache mbele ya miguu ya tembo.

Wenyewe huita jambo hilo kugutuka. Halihusiani na woga kama tunavyouelewa. Mtu anaweza kuwa jasiri kuliko simba, akawa tayari kusimama mbele ya ndovu mwenye hasira, na bado jicho lake likafumba nusu ya nukta kabla ya baruti kuwaka. Mwili una akili yake, na akili hiyo haisikii hotuba. Ni kama mkono uliowahi kuungua kwenye jiko: utausihi, utauamuru, lakini unapokaribia sufuria hujivuta wenyewe.

Nilimuuliza mzee kama yeye aliwahi kupona ugonjwa huo. Akanyoosha mkono kuelekea kusini, upande wa kwao. "Mimi nilipona kiasi," akasema. "Lakini yule Mzungu aliyelala Beho Beho hakupona mpaka anakufa."

Alimkusudia Frederick Courteney Selous. Jina hilo wengi wetu tulilifahamu kwa sababu ya pori la akiba lililopewa jina lake mwaka 1922, na ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Aliuawa kwa risasi tarehe 4 Januari, 1917, akiwa kapteni katika jeshi la Waingereza lililokuwa likipambana na Wajerumani na askari wao, naye alikuwa mtu mzima wa miaka 65. Kaburi lake lipo huko huko Beho Beho, nao askari wa wanyamapori hulipitia katika doria zao. Mzee wetu alilipitia mara nyingi. Mimi habari za Selous nilizisoma baadaye katika maandishi yake mwenyewe, na naona zinastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo, kwa maana hakuna mtu aliyeeleza waziwazi zaidi jinsi bunduki inavyoweza kumharibu yule anayeipiga.

Alitua Afrika ya Kusini mwaka 1871 akiwa na miaka 19. Alikuja na bunduki nzuri, lakini ikaibiwa. Mwaka uliofuata alifika kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimtazama yule kijana asiye na ndevu za kutosha, akacheka, akamruhusu aende atakako, kwani alimwona mtoto tu. Silaha zilizobaki mikononi mwa mtoto huyo zilikuwa bunduki mbili za bei rahisi, za kushindilia mdomoni, jamaa ya magobore tunayoyafahamu vijijini, ila kubwa kupita kiasi. Wazungu huziita nne kwa ratili, maana risasi nne zake zinafanya ratili moja. Kila risasi, donge la mviringo la madini, ilikuwa na gramu 113.

Rudi kwenye mtumbwi wetu, ndugu msomaji. SAR ilirusha gramu 8. Hii inarusha gramu 113. Na baruti? Baruti haikupimwa kwa mizani. Ilikaa ovyo katika mfuko wa ngozi ubavuni mwa mwindaji, naye huku akikimbia nyuma ya tembo aliingiza mkono, akachota konzi moja, akamimina mtutuni, akafuatisha risasi, akaweka fataki, akapiga. Kiasi cha konzi hiyo kilitegemea ukubwa wa kiganja na haraka ya siku hiyo.

Kumbuka pia kwamba aliwinda kwa miguu. Maeneo yenye tembo wengi yalikuwa na mbung'o, na farasi hawakuweza kuishi humo. Aliyemfundisha kazi hiyo alikuwa mwindaji wa Kikhoikhoi ambaye Wazungu walimwita Cigar. Jina alilopewa na wazazi wake, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, hakuna aliyejishughulisha kuliandika. Kwa bunduki hizo mbili, kati ya mwaka 1872 na 1874, Selous aliua tembo 78. Siisimulii idadi hiyo kwa kuisifu. Pembe zilikwenda Ulaya kufanywa vitufe vya biliadi na vibonyezo vya piano, na tembo hawakurudi.

Siku moja katika miaka hiyo alikuwa akimfuata dume aliyejeruhiwa. Akalenga, akabana kifyatulio, na fataki ikalia bila kuwasha baruti. Akairudisha bunduki nyuma. Katika mbio na kelele zile, mbebaji aliyeipokea alidhani imekwisha kupigwa, kwa hiyo akaishindilia upya: konzi ya pili ya baruti juu ya ile ya kwanza, risasi ya pili juu ya ile ya kwanza. Kisha ikatiwa fataki na kurejeshwa mikononi mwa Selous.

Safari hii iliwaka.

Selous aliinuliwa kutoka ardhini, akageuka hewani na kuanguka kifudifudi mchangani. Bunduki iliruka juu ya bega lake ikaenda kutua mbali nyuma yake. Kitako kilipokuwa kikipaa kilimchana chini ya mfupa wa shavu la kulia, na damu ikamfunika uso. Kitako hicho kilikuwa kimevikwa ngozi ya ndani ya sikio la tembo. Wawindaji wa wakati ule waliishona ngozi hiyo ikiwa mbichi, nayo ikikauka ilibana mti kama pingu ya chuma. Pamoja na hayo kilivunjika vipande vipande. Mwenyewe alistaajabu kwamba mtutu haukupasuka, na sisi tuna haki ya kustaajabu pamoja naye, kwa sababu mtutu ungepasuka habari ingeishia hapo.

Alipojaribu kuinua mkono wa kulia, haukuinuka.

Sasa tazama hali ilivyokuwa. Mbele yake tembo amesimama, naye amejeruhiwa, anajirushia maji kifuani kwa mkonga, maji yenye wekundu wa damu. Huku nyuma kijana wa Kiingereza ameketi chini, uso umejaa damu, mkono umekufa, na anataka kuendelea. Akachukua bunduki nyingine. Aliweza kukunja kiwiko kiasi cha kukifikia kifyatulio, lakini mtutu ulikuwa ukitangatanga mbele ya macho yake kama mlevi anayetafuta mlango. Ndipo mbeba-bunduki wake, aliyeitwa Nuta, akaketi kando yake, akaushika ule mkono na kuanza kuunyosha na kuukanda taratibu, ili uhai urudi, huku tembo akiwa amesimama pale pale.

Picha hiyo ya Nuta ndiyo iliyonikaa moyoni kuliko nyingine zote. Vitabu vya uwindaji vimejaa ushujaa wa aliyeshika kitako. Ni vichache vinavyomkumbuka aliyebeba bunduki ya kilo nyingi jua lote la mchana, aliyesimama hatua moja nyuma ya mtutu akiwa hana silaha ya kupiga, na ambaye teke likimwangusha bwana ndiye anayebaki ana kwa ana na mnyama. Na aliyekosea kushindilia, msimlaumu upesi. Nani aliyempa muda wa kuchungulia mtutu kwa mdeki? Bunduki ya namna ile, baruti ya kuchota kwa kiganja, na haraka ya kutafuta pembe, vyote hivyo havikuwa mpango wake.

Baada ya kukandwa, Selous aliegemeza kiwiko gotini na kupiga tena, na mnyama akatimua mbio vichakani, watu nyuma yake. Kovu la shavuni lilibaki usoni mwa mwindaji maisha yake yote. Lakini miaka mingi baadaye, alipokwisha kuwa mwindaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake na ana raifo nyepesi zilizotengenezwa kwa ustadi, aliandika kwamba anajuta kuwahi kuzigusa zile bunduki mbili. Zilimpiga vibaya kiasi cha kuharibu mishipa yake ya fahamu, na athari yake iliingia katika ulengaji wake wa siku zote. Hebu fikirini: mtu ambaye dunia nzima ilimsifu kwa bunduki alikuwa akigutuka, kwa siri, kila alipobana kifyatulio. Namheshimu zaidi kwa kukiri hivyo kuliko kwa tembo wake wote.

Wala hakuwa peke yake. Samuel Baker, yule aliyefika kwenye Ziwa Albert mwaka 1864 pamoja na mkewe Florence, alikuwa mtu wa miraba minne, naye alitengenezewa London raifo ya kilo 9 iliyorusha kombora la nusu ratili, karibu gramu 227. Yeye aliiita Mtoto. Waarabu aliofuatana nao kule Sudani waliongeza neno moja, wakaiita mtoto wa mzinga, na nadhani wao ndio waliopatia. Ilimzungusha mahali aliposimama, na yeye mwenyewe alikiri kwamba aliiogopa na kuipiga mara chache sana.

Mpwa wangu, ambaye haachi kubisha, akauliza swali la maana: "Sasa kama kubwa zinaumiza, kwa nini wasitumie ndogo?"

Jibu la swali hilo liko Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda. Mwanzoni mwa karne ya ishirini alikuwapo huko Mskoti aitwaye Walter Bell, aliyewinda tembo kwa raifo ndogo ya milimita 7, ambayo risasi yake haizidi gramu 11 na ushei. Chukua risasi ya Selous, uigawe kwa kumi, ndiyo hiyo. Bell aliua zaidi ya tembo elfu moja katika maisha yake, wengi wao kwa bunduki ya aina hiyo. Siri yake ilikuwa elimu ya mwili wa tembo. Alipasua fuvu kwa msumeno akajifunza ubongo umekaa wapi na unafikiwa kutoka upande gani. Kwa kuwa bunduki yake haikumpiga, jicho lake lilibaki wazi mpaka mwisho, na risasi ikaenda pale pale alipotaka. Risasi kubwa mahali pasipofaa, kwa maoni yake, humtesa tu mnyama.

Lakini mzee alitikisa kichwa nilipomsimulia habari za Bell. Huyo, akasema, alikuwa na nafasi ya kuchagua. Akimwona tembo amekaa vibaya, alisubiri, au alikwenda zake kumtafuta mwingine. Askari wa wanyamapori hachagui. Ameitwa usiku kwa sababu tembo wameingia katika shamba la mahindi, watu wanapiga madebe, mwezi haupo, na mnyama anatokea kwenye mabua hatua kumi mbele, anakuja. Pale huna nafasi ya kutafuta ubongo. Unahitaji kitu kitakachomsimamisha au kumgeuza, popote kitakapompata. Ndiyo maana sheria za nchi kadhaa za Afrika hazimruhusu mtu kukabili wanyama wa hatari kwa bunduki iliyo chini ya .375, na wenye kazi hiyo huongeza mpaka .458 wakajua kabisa bega litalipa.

"Na bega lililipa?" nikamuuliza.

"Shambani halilipi," akajibu. "Hilo ndilo ajabu lake. Uwanja wa shabaha nilihesabu kila teke. Usiku wa tembo sikuwahi kuhisi hata moja. Nilikuwa nikifika nyumbani, navua shati, mama watoto ananiuliza, nani amekupiga? Ndipo linaanza kuuma."

Watu wengi waliopiga bunduki nzito wamesema hivyo hivyo. Moyo ukijaa jambo kubwa, maumivu hungoja mlangoni. Ndiyo maana pia mazoezi ni magumu kuliko kazi yenyewe, na wakufunzi wenye busara hawampi mwanafunzi bunduki kubwa siku ya kwanza. Humwanzisha na ndogo, kwa wiki kadhaa, mpaka kubana kifyatulio kunakuwa kama kupumua. Humpa mpira wa kuweka kwenye kitako. Humsimamisha, wala hawamlazi kifudifudi, kwa sababu aliyesimama huyumba na kulipunguza teke, bali aliyelala hana pa kwenda na mtulinga wake hulipokea lote. Na hawamwachi apige zaidi ya risasi chache kwa siku. Kumrundikia mtu risasi arobaini za .458 ili awe dume la kweli ni kumfundisha kugutuka, na somo hilo huingia upesi kuliko kutoka. Katika mambo haya, nakubali, akina mama na wasichana niliowaona katika mafunzo walikuwa na faida moja juu yetu: hawakuona haya kusema kwamba inauma, kwa hiyo walisahihishwa mapema. Sisi wanaume tulikaza meno tukaendelea kukosea.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Mkewe mzee alitoka ndani na sinia la chai, akaliweka kwenye kigoda. Nilimuuliza mzee kama bega bado linamsumbua, akaliviringisha mbele na nyuma mara mbili tatu, likaenda vizuri tu kama la kijana. Mfupa hupona, akasema, nyama hupona.

Kisha akagusa sikio lake la kushoto.

Nililisahau hilo, ndugu msomaji, na pengine nawe umelisahau, kwa kuwa tumelishughulikia bega muda wote. Bunduki hupiga kwa kitako, na hupiga pia kwa mlio. Madaktari wanasema mlio unaovuka desibeli 140 unaweza kuliharibu sikio mara moja, na bunduki kubwa huvuka 160. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo mno vinavyopokea sauti, na hivyo vikivunjika havioti tena. Uwanja wa shabaha mtu huweza kuziba masikio, na leo hakuna mkufunzi wa maana anayeruhusu mtu afyatue bila kuyaziba. Lakini mwituni askari anamtafuta tembo kwa kusikiliza: tawi linalovunjika, tumbo linalonguruma, sikio kubwa linalopiga ubavu. Akiyaziba masikio yake atamkanyaga mnyama kabla ya kumwona. Kwa hiyo huyaacha wazi, na mlio unapokuja huyakuta wazi. Kwa apigaye kwa bega la kulia, sikio la kushoto ndilo linaloelekea mtutu. La kulia hujificha kidogo nyuma ya kichwa.

"Hili halikuuma hata siku moja," mzee akasema. "Lilikuwa likilia kama nyenje, usiku mmoja, mbili, halafu linanyamaza. Nikawa nafikiri limepona."

Mkewe, ambaye alikuwa akimimina chai, akatuambia, kwa sauti ya kawaida na bila ya kuficha mdomo, kwamba ameishi miaka kumi na mitano akipiga kelele katika nyumba yake mwenyewe, na majirani wapya hudhani ni mwanamke mgomvi. Mzee hakugeuka. Alikuwa akimtazama mpwa wangu kwa upole, akingoja swali jingine.

Saa ya taarifa ya habari ilikuwa imefika. Mzee akaiinua redio kutoka mapajani, akazungusha kitufe mpaka mwisho, akaiegemeza kwenye sikio la kulia. Mpwa wangu alisogeza kigoda chake upande ule, akakaa karibu naye, tukanywa chai.